Askofu Hannington na Kuvumwani za Mawe

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona jina la askofu katika kurasa hizi ambazo kwa desturi hujaa vitendawili, mashairi na visa vya sungura na fisi. Mwenzangu mmoja chamani aliposikia nimemchagua nani, alicheka hata akashika mbavu. Akaniuliza kama Mombasa imeishiwa na malenga, hata niende kumwandama Mzungu aliyekufa zamani. Tena mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mji wa Kale. Hebu nisome kwanza, kisha nawe ucheke ukitaka.

Mambo yalianza na ukuta. Nyuma ya nyumba yetu, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, kuna ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe ambao jua haliufikii ila saa moja hivi kwa siku. Kila mwaka masika yakishika, ukuta ule hugeuka kijani. Nyanya hukiita kitu kile ukoga, na kila mwaka hutaka kikwanguliwe kwa sababu watu huteleza. Mwaka jana kazi ikaniangukia mimi. Nilikwangua kwa kisu cha jikoni, na kibonge kimoja nikakitia mfukoni bila sababu yoyote. Siku ya tatu nikakikuta kimekauka, kimejikunja, rangi yake kama tumbaku. Nikakitupa ndani ya bakuli la maji. Kumbe! Sijamaliza chai yangu, kimekwisha kufunguka, kijani kibichi kama kwamba hakikuwahi kukauka.

Nikakipeleka shuleni. Mwalimu wetu wa bayolojia akakiweka chini ya hadubini akatuita mmoja mmoja. Akatuambia kwamba ule si ukoga, ni kuvumwani, ambayo wengi wetu darasani huiita mosi tu. Jina limeungwa kwa kuvu na mwani, lakini kitu chenyewe si kuvu wala si mwani. Ni mmea kamili wenye shina na majani, ila hauna mizizi ya kweli, hauna maua, wala hauna mbegu. Kisha akaniuliza kama naijua Kanisa Kuu la Ukumbusho pale barabara ya Nkrumah. Nani asiyeijua? Napita pale kila siku nikitoka upande wa Fort Jesus. Akanambia basi, mmoja wa wale ambao kanisa lile lilijengwa kwa ukumbusho wao alikuwa mwokotaji mkubwa wa vitu hivi. Ndiyo siku niliyolisikia jina la James Hannington kwa sababu nyingine isiyokuwa kifo chake.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, wilaya ya Sussex, kusini mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa na duka kubwa mjini Brighton. Utotoni alikuwa mtundu kupita kiasi. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikipoteza akichezea baruti, akitaka kuripua kiota cha nyigu. Alipotimu miaka 15 alitolewa shule akatiwa kwenye biashara ya baba yake, na kwa miaka kadhaa akakaa kwenye vitabu vya hesabu asivyovipenda hata kidogo. Mwaka 1868 akaenda Oxford. Mtihani wa kuingia katika kazi ya dini alianguka mara ya kwanza (wanafunzi wenzangu tujipe moyo), akafaulu baadaye, na mwaka 1874 akatawazwa. Akapelekwa kaskazini ya Devon, kwenye majabali yanayoshuka hadi baharini. Huko alikuwa akipanda na kushuka majabali kama mbuzi, akitafuta mimea na mapango. Mwaka uliofuata akarudi kijijini kwao kuhudumu, akaoa mwaka 1877, akapata watoto.

Sasa hapa kuna jambo ambalo naona ni la ajabu kuliko yote. Kijiji hichohicho kidogo cha Hurstpierpoint kilikuwa na mtu aitwaye William Mitten, aliyezaliwa mwaka 1819. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa. Mchana alipima vidonge na kuchanganya dawa za kikohozi. Saa zake nyingine zote alikuwa na kuvumwani. Wasafiri walimletea bahasha kutoka Amerika ya Kusini, India na visiwa vya mbali, naye akazifungua moja moja pale dukani kwake. Richard Spruce, aliyezunguka msitu wa Amazon miaka mingi, aliporudi alikuja kukaa kijijini hapo kwa muda. Binti yake Mitten, Annie, aliolewa mwaka 1866 na Alfred Russel Wallace, yule mtaalamu aliyetangazwa pamoja na Darwin mwaka 1858 kwa nadharia ya mageuko ya viumbe. Yaani duka la dawa la kijijini lilikuwa kama bandari ya kuvumwani za dunia nzima. Na Hannington alikuwa mtoto wa hapohapo.

Nisitishe kidogo habari za askofu nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaona alichokuwa akikifanya.

Kwa macho matupu kuvumwani zote ni zulia la kijani tu. Basi mtu hujuaje kwamba hii aliyoipata juu ya jiwe la mlimani ni aina iliyokwisha kuandikwa, au ni mpya? Mwanzo hutazama imekaa wapi: juu ya jiwe, gome la mti au udongo, na kama ni jiwe, ni jiwe gani. Halafu umbo. Ziko zinazosimama zimebanana kama kijito cha kuegemea, na ziko zinazotambaa. Kisha jani moja linachomolewa kwa kibanio na kulowanishwa. Jani lenyewe aghalabu lina unene wa seli moja tu, hivyo mwanga hulipenya na kila seli huonekana kama matundu ya wavu. Je, lina mshipa wa kati? Unafika hadi ncha au unakatika njiani? Ukingo umekunjwa au umenyooka? Mwisho hutafutwa kile kikopo kidogo kinachobeba vumbi la uzazi, ambalo kitaalamu huitwa spora. Kikopo kina kofia, chini ya kofia kina kifuniko, na kifuniko kikianguka mara nyingi huonekana safu ya meno yanayojikunja na kujikunjua hewa inapokauka au kupata unyevu. Meno hayo ndiyo yanayosaidia kuzitoa spora kidogo kidogo.

Chukua mfano wa zile zinazokaa juu ya mawe milimani. Moja ni Grimmia. Majani yake mengi yana ncha ya unywele mweupe, hivyo kibonge kizima huonekana kina mvi kama kichwa cha mzee. Hedwigia nayo ina ncha nyeupe, nayo hukaa juu ya mawe. Ukiishia kwenye mvi umekwisha kupotea. Lakini litazame jani: Grimmia ina mshipa wa kati, Hedwigia haina kabisa. Kitazame kikopo: Grimmia ina meno 16 mdomoni, Hedwigia ni kibogoyo. Ya tatu ni Andreaea, nyeusi nyeusi, ndogo, imeng'ang'ania jiwe kama masizi kwenye sufuria. Kikopo chake hakina kifuniko wala meno. Hupasuka ubavuni kwa nyufa nne. Zote tatu zimo katika milima yetu mirefu. Nilipomuuliza mwalimu kama Andreaea naweza kuipata nyuma ya nyumba yetu, akanambia nisijisumbue. Hiyo haipendi mawe ya chokaa, na matumbawe ya Mombasa ni chokaa tupu. Mawe ya Kilimanjaro yametoka kwenye volkeno, ndiyo maana wakazi wake ni wengine.

Mtu akishahakikisha kwamba hii haijaandikwa, huipa jina na kueleza sifa zake zote, na kipande alichokitumia huhifadhiwa ili wengine waje wathibitishe. Siku zile maelezo yaliandikwa kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kiswahili bado, na hilo nawaachia wanachama wenzangu walifikirie.

Tumrudie mtu wetu. Mwishoni mwa mwaka 1877 wamisionari wawili waliuawa kisiwani Ukerewe katika ziwa Viktoria. Habari zile zilimwingia Hannington moyoni, na mwaka 1882 akajitolea kuja Afrika chini ya chama cha CMS. Akaiacha familia, akapitia Unguja, akaingia bara kwa njia ya wakati ule iliyopita milima ya Usagara na Mpwapwa kuelekea ziwani. Njiani aliokota: mimea, konokono, wadudu, kuvumwani. Uzuri wa kuvumwani ni kwamba haihitaji makuu. Maua hutaka kubanwa na kukaushwa kwa makini, la sivyo huoza. Kuvumwani unaikunja ndani ya karatasi, unaandika mahali na tarehe, basi. Hata baada ya miaka mingi ukiitia maji ya moto majani yake yatafunguka uyaone. Kwa mtu anayetembea miezi kadha, na kila mzigo uko juu ya kichwa cha mtu, hilo si jambo dogo.

Lakini ugonjwa wa kuhara damu na homa ukamwangusha. Alifika ziwani, Buganda hakufika. Ilibidi arudishwe pwani, na sehemu kubwa ya njia alibebwa kwenye machela. Nataka msomaji uone picha hiyo. Wapagazi waliokuwa wamebeba chakula, nguo na zile karatasi zake za majani makavu, sasa wakambeba na yeye mwenyewe. Mwaka 1883 alikuwa kwao tena, mifupa mitupu.

Mtu mwingine angetulia. Yeye mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1884, alitawazwa kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Afrika ya Mashariki, na Januari 1885 chombo chake kikatia nanga Mombasa.

Wakati huo kisiwa chetu kilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash. Makao ya askofu hayakuwa kisiwani, yalikuwa ng'ambo, Frere Town, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa miaka kama kumi nyuma upande wa Kisauni. Kengele yake ndiyo iliyopaacha pale jina la Kengeleni. Kati ya kisiwa na ng'ambo watu walivuka kwa mashua. Miezi michache aliyokaa ilitosha kufanya jambo moja kubwa: mwaka huohuo wa 1885 aliwatawaza ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliowahi kuwa watumwa na kusomeshwa India.

Mapema mwaka ule Taita ilikuwa na njaa kali, naye akaenda huko, kisha akaendelea hadi Moshi, kwa Mangi Rindi ambaye Wazungu walimwita Mandara. Kilimanjaro! Nikifikiria mtu aliyejifunza kuokota kuvumwani kwenye majabali ya Devon, halafu akasimama chini ya mlima ule ambao mosi zake zilikuwa hazijaguswa na mtaalamu yeyote ila wachache mno, naona hata mimi mikono ingeniwasha. Mwaka mmoja kabla yake H. H. Johnston alikuwa amepiga kambi mlimani humo na kupanda juu zaidi, akaokota pia. Vyote viwili, vya Johnston na vya askofu, viliishia meza moja: ya yule muuza dawa wa Hurstpierpoint.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Hannington aliamua kuwa njia ya kusini iliyomuua nusu haifai. Akaitaka ile aliyoipita Joseph Thomson miaka ya 1883 na 1884, kupitia nchi ya Wamasai kuelekea Busoga, fupi na yenye hewa ya baridi. Kwa ramani alikuwa sawa. Kwa siasa alikosea, tena sana. Wajerumani walikuwa wametangaza ulinzi wao kwenye sehemu za bara mapema mwaka 1885, na Agosti manowari zao zikamtisha Sultani Unguja. Buganda kulikuwa na Kabaka kijana, Mwanga, aliyeshika kiti mwaka 1884 tu, na Waganda walikuwa na imani kwamba maadui wa ufalme wangeingia kwa mlango wa mashariki, yaani Busoga. Mzungu anayetokea upande huo, wakati huo, alikuwa na tafsiri moja tu.

Tarehe 23 Julai 1885 alitoka Rabai na watu kiasi cha 200. Wengi walikuwa watu wa huku kwetu pwani. Walipita Ukambani na Kikuyu, wakapita ziwa Bogoria, ambalo baadaye Wazungu waliliita kwa jina lake kwa miaka mingi, hadi wakafika kwa Sundu, pale panapoitwa leo Mumias. Hapo alimwacha Jones na wengi wa msafara, akachagua watu 50 akaenda mbele. Busoga akakamatwa kwa chifu Luba, akafungiwa siku nane huku wakingoja neno la Kabaka. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa mikuki, naye ana umri wa miaka 38. Wapagazi wake nao waliuawa siku hiyo. Walioponea ni wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwalimu wetu wa historia anasema tusimhukumu mtu wa zamani kwa akili ya leo. Nakubali. Lakini mimi ni mtoto wa mji ambao hamali bado wanapita na mikokoteni mbele ya mlango, na siwezi kuipita ile hesabu ya 50 kama napita tarehe. Askofu alijua anakokwenda na kwa nini. Alikuwa tayari kufa, hilo kila anayemwandika analikubali. Je, wao? Walikodiwa. Jones aliwarudisha waliobaki, akafika Rabai Februari 1886 akiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ichabod, neno la Biblia la kusema utukufu umeondoka. Wanawake walikuwa wamesimama wakitazama ni nani yumo na ni nani hayumo. Majina ya waliokosekana sikuyaona katika kitabu chochote nilichosoma.

Mwaka huohuo wa 1886 Mitten alichapisha katika jarida la Linnean Society la London orodha ya kuvumwani alizookota Hannington, pamoja na zile za Johnston za Kilimanjaro. Aina nyingi zilikuwa ngeni, akaziandika kwa Kilatini chake, jani kwa jani, jino kwa jino. Baadhi alizibandika jina la hanningtonii. Mwenyewe hakuwahi kuliona hilo. Nafikiria yule mzee, akifungua karatasi iliyokunjwa na mkono uliokosa kidole gumba, mwandiko ukiwa wa kijana wa kijijini kwake aliyekwisha kuuawa, akaitia maji na jani likafunguka kijani. Mitten aliaga dunia mwaka 1906, na mkusanyiko wake ukanunuliwa ukapelekwa New York, kwenye bustani ya mimea ya mji ule. Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe, Kampala, mwisho wa mwaka 1892. Sisi Mombasa tulipata kanisa, lililofunguliwa mwaka 1905, jeupe, lenye kuba ambalo mgeni asiyejua huweza kulidhania msikiti kwa mbali.

Mwaka huu masika yaliposhika, nilimwomba Nyanya aniachie kipande cha ukuta, upana wa mkeka wa kuswalia hivi, kisikwanguliwe. Alinung'unika siku mbili, akakubali. Nimekwisha kuchukua kibonge kimoja cha juu, karibu na mfereji wa bati, na mdogo wangu ndiye aliyenishikia ngazi huku akilalamika kuwa anatiwa maji machoni. Mwalimu anasema aina yake hatujaijua bado, mpaka tupate kikopo chenye meno. Kwenye karatasi nimeandika: Mombasa, Mji wa Kale, ukuta wa matumbawe, upande wa kivuli, Mei. Chini yake nimeandika jina langu, na la mdogo wangu.